Picha ya Nzi Kwenye Ukuta wa Ghala

KAMATI YA UHAMASISHAJI WA AFYA NA USAFI
KIJIJI CHA MIKOROSHINI, NJIA YA KIBITI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumanne, tarehe 11 Juni 1996, katika ofisi ya kijiji, na baadaye mahali pengine kama itakavyoonekana mbele.

WALIOHUDHURIA
Bw. Huseni Mshamu – Mwenyekiti
Bw. Silvesta Mbunda – Bwana Afya
Bw. Deusdedit Komba – Mjumbe, mfanyabiashara wa mitumba
Bi. Salama Mtulia – Mjumbe, mwakilishi wa akina mama
Mwl. Marsela Ndunguru – Katibu

WALIOALIKWA
Bi. Biasha Mkumba – mama ntilie wa stendi, mlalamikaji
Bw. Ukasha Dadi – fundi mchoraji

ASIYEHUDHURIA
Mzee Bwanaheri Mpili – kwa taarifa. Alituma salamu kwamba kamati ya kuhimiza vyoo, ambayo yenyewe haina choo, hatakanyaga tena vikaoni mwake mpaka ichimbe.

KUMB. NA. 1/96: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Kilianza saa nne kasoro, kwa sababu Mwenyekiti na Bwana Afya walikuwa wamevuka barabara kwenda kujisaidia katika choo cha Bi. Biasha na walikuta foleni. Itakumbukwa kwamba choo cha ofisi kilititia wakati wa masika na kamati imekuwa ikiahidi kukichimba upya tangu hapo.

Baada ya kurejea na kunawa, Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika. Alieleza kwamba wafadhili wa mradi wa maji na vyoo wangefika Alhamisi kuikagua picha ya ukutani, kwa hiyo kulikuwa na haja ya kumaliza “vijineno” kabla hawajafika. Bi. Biasha, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, aliuliza vijineno ni nini. Mwenyekiti alimwambia asubiri zamu yake.

KUMB. NA. 2/96: TAARIFA YA BWANA AFYA KUHUSU MAFANIKIO YA PICHA

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi bila kuiona picha yenyewe: ukuta wa ghala la zamani la ushirika, ambalo siku hizi hukodiwa na wanunuzi binafsi wa korosho, umechorwa tangu mwisho wa Ramadhani picha ya mama anayepika. Mama huyo ana pengo la jino la mbele, kilemba cha kijani, na birika ambalo mkono wake umefungwa waya. Juu ya sufuria yake wamejaa nzi wakubwa kama kunguru. Chini yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: ADUI YUKO HAPA! Kisha kuna mshale. Ghala linatazamana na banda la chakula la Bi. Biasha, na mshale umeelekea barabarani. Bi. Biasha ana pengo la jino la mbele, huvaa kilemba cha kijani, na birika lake kila dereva wa njia ya Kusini analijua kwa ule waya.

Bwana Afya alisimama, ingawa hakuna aliyemwomba asimame, akaeleza kwamba kazi ya picha si kupamba ukuta. Alisema mwongozo wa mradi unafundisha kuwa watu wetu hawasomi, na hata wakisoma hawabadiliki, ila wakitishwa kwa picha ikaambatana na maneno machache makali, ujumbe huingia moja kwa moja. Alitaja “walengwa” mara nyingi. Katibu aliomba aambiwe walengwa ni akina nani, akajibiwa ni wananchi.

Bwana Afya aliendelea kwamba amefanya utafiti. Aliwauliza watu kumi na wawili pale stendi kwamba picha ile inawafundisha nini, na wote kumi na wawili walitoa jibu moja bila kusita. Kwa hiyo ameandika katika ripoti kwamba uelewa wa ujumbe ni asilimia mia moja.

Bi. Salama aliomba kujua jibu hilo lilikuwa lipi.

Bwana Afya alipekua karatasi zake kwa muda. Alisema jibu lilikuwa kwamba usile kwa Biasha.

Bi. Salama aliuliza kama hakuna hata mmoja aliyesema habari ya kuchimba choo, au kunawa mikono, au kuchemsha maji. Bwana Afya alijibu kwamba hayo yamo ndani ya ujumbe kwa ujumla wake.

Bw. Deusdedit aliuliza ni vyoo vingapi vimechimbwa tangu picha ichorwe. Ilionekana aliuliza ili amsaidie Bwana Afya, kwani yeye ndiye aliyependekeza ukuta ule, lakini hakumsaidia. Choo kipya kilichochimbwa ni kimoja. Alikichimba Bi. Biasha, aweze kuwaonyesha wateja wake kwamba yeye si mchafu. Ndicho kile ambacho Mwenyekiti na Bwana Afya walitoka kukipangia foleni asubuhi.

Mwenyekiti alisema taarifa imepokelewa na ni nzuri.

KUMB. NA. 3/96: MALALAMIKO YA BI. BIASHA MKUMBA

Bi. Biasha alipewa nafasi na kuambiwa aseme kwa kifupi. Katibu ameyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa kuwa yaliyosemwa na wajumbe juu yake yamekwisha kuandikwa mengi.

“Miye nimepika hapa tangu barabara hii haina basi la mtu binafsi hata moja. Samaki wangu watoka Nyamisati asubuhi, mchele wangu watoka bondeni, nyie wote mmekula. Mwenyekiti, harusi ya mwanao nani alipika? Leo basi likisimama, abiria wanateremka, wanatazama ukuta, wanatazama mshale, wananitazama miye. Kisha wanacheka, wanakwenda kununua biskuti. Nimepika wali juzi nikawapa kuku. Ikifika mwisho wa mwezi hali ni hii, nafunga banda narudi Mbwara kwa kaka yangu nikalime mpunga wa mtu. Basi nataka hiyo picha itoke. Sina jingine.”

Mwenyekiti alimpa pole. Hata hivyo alieleza kwamba picha haikutaja jina la mtu, kwamba akina mama wenye pengo ni wengi, na kwamba serikali ya sasa inataka watu wenye biashara wawe wavumilivu kwa sababu ya ushindani. Bi. Biasha aliuliza anashindana na nani, na ukuta?

Bwana Afya alisema kwa masikitiko kwamba wananchi wana tabia ya kuchukulia mambo kibinafsi. Picha ni mfano tu. Alisema huko kwao bara alikwisha kuona picha ya mlevi ikachorwa kwenye ukuta wa soko na hakuna mlevi aliyekwenda kulalamika. Bi. Salama alisema pengine mlevi huyo hakuwa anauza wali.

KUMB. NA. 4/96: MAELEZO YA FUNDI MCHORAJI, NA NANI HASA ALAUMIWE

Bw. Ukasha Dadi aliulizwa kama alimchora Bi. Biasha. Alijibu bila haya kwamba ndiyo, amemchora, na tena amefanana.

Mwenyekiti alionekana kushtuka, kwa kuwa dakika chache tu zilizopita alikuwa ameeleza kwamba picha si ya mtu.

Bw. Ukasha alieleza kwamba Bi. Biasha ni binti wa shangazi yake. Kwa hiyo ni mtani wake, na haki ya kumtania anayo tangu kuzaliwa. Alikumbusha kwamba kwenye msiba wa marehemu mume wa Bi. Biasha ni yeye Ukasha aliyejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na watu waliokuwa wakilia wakacheka. “Nilipoambiwa nichore mama mchafu, nikajiuliza nimchore nani? Nikimchora mke wa mtu mwingine nitapigwa. Nikamchora binamu yangu, maana yeye hawezi kunikasirikia. Watu wa hapa walicheka siku ile ile, naye mwenyewe alicheka, akanirushia maji ya vyombo. Ikaisha.”

Bi. Biasha alithibitisha kwamba alicheka. Alisema: “Huyu simshitaki. Huyu ni mtani wangu, nikimshitaki nimevunja utani na watu watanishangaa. Lakini utani una mtu anayesema, una mtu anayejibu, halafu kila mmoja anakwenda nyumbani kwake. Huu wenu uko ukutani usiku na mchana, hauchoki. Na abiria wa Lindi hajui kwamba Ukasha ni mtoto wa mjomba wangu. Yeye anasoma ADUI. Nani aliandika ADUI?”

Bw. Ukasha alisema yeye hakuandika. Yeye alichora mama na nzi. Maneno aliletewa kwenye karatasi na Bwana Afya baadaye, pamoja na mshale, akaambiwa anakili.

Bwana Afya alikiri kwamba maneno ni yake, lakini maneno peke yake hayana ubaya, kwa sababu “hapa” inaweza kuwa popote. Mshale aliutaka uelekee kwenye nzi. Ikiwa umeelekea barabarani, hilo ni kosa la ukuta.

Bw. Deusdedit alisema yeye alipendekeza ukuta tu kwa sababu ni mrefu na unaonekana kwenye mabasi. Hakujua mshale utakuwa na urefu gani. Na kama ingekuwa picha haina mshale, au mshale hauna maneno, au maneno yangekuwa kwenye ukuta wa msikiti, asingelalamika mtu. Bi. Salama alimwambia athubutu kuyaandika kwenye ukuta wa msikiti.

Hivyo ilidhihirika kwamba aliyechora hakuandika, aliyeandika hakuchora, na aliyechagua ukuta hakufanya lolote. Banda la Bi. Biasha limekufa lenyewe. Katibu aliuliza kama aandike hivyo. Mwenyekiti alisema aandike kwa lugha ya kiofisi.

KUMB. NA. 5/96: AZIMIO, NA CHAKULA CHA KIKAO

Baada ya majadiliano, Mwenyekiti alisoma azimio alilokuwa amekuja nalo mfukoni: kwamba picha ni ya elimu kwa umma, haimhusu mtu yeyote aliye hai, haijamdhuru mtu yeyote, na itabaki mahali pake mpaka wafadhili waione. Wajumbe watatu waliunga mkono. Bi. Salama hakuunga mkono. Katibu hapigi kura, na siku hiyo alilijutia jambo hilo.

Ili kuonyesha kwamba kamati haina neno na Bi. Biasha, Mwenyekiti aliagiza chakula cha kikao kitoke bandani kwake, kama ilivyokuwa desturi kabla ya picha. Wajumbe walipiga makofi. Bi. Biasha alivuka barabara na kurudi na sufuria ya wali, samaki wa kukaanga, mchuzi wa nazi, beseni la kunawia na lile birika la waya. Alipakua, akaweka sahani mbele ya kila mjumbe, akasimama mlangoni akiwa amekunja mikono.

Yafuatayo yalitokea na yameandikwa kama yalivyotokea.

Bw. Deusdedit alisema amefunga. Ni Mkatoliki, na ilikuwa Jumanne ya mwezi Juni. Bwana Afya alishika tumbo na kusema tangu jana halimpi raha. Mwenyekiti aliisifu harufu ya mchuzi, akasema alikula mihogo mingi asubuhi, akaisogeza sahani kwa Katibu. Katibu alikuwa na sahani yake. Bi. Salama alinawa na kunyoosha mkono, kisha akatazama ndani ya bakuli la mchuzi, akatazama tena, akaurudisha mkono taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu. Alikuwa akitafuta nzi. Hakukuwa na nzi. Machozi yalimlengalenga kwa aibu.

Katibu naye, kwa kuwa kumbukumbu hizi ni za kweli, alitafuta nzi kabla ya kula. Ndipo akala.

Mtu pekee aliyekula bila kutazama alikuwa Bw. Ukasha. Alimaliza sahani yake akachukua ya Mwenyekiti. Alisema, “Miye nzi hawa nimewachora kwa mkono wangu. Najua hawapo.”

Bi. Biasha alikusanya sahani zisizoguswa. Kisha alisema kwa sauti ya chini: “Basi imewaingia hata nyie.”

KUMB. NA. 6/96: MENGINEYO

Bi. Biasha aliomba neno la mwisho. Mwenyekiti alisema azimio limekwisha kupita. Bi. Biasha alisema hana shida na azimio. Alikuwa na neno na mtani wake.

Alimgeukia Bw. Ukasha na kumuuliza kama utani una majibu. Bw. Ukasha alisema unayo, na anayetaniwa asipojibu ni yeye mwenye hasara. Bi. Biasha alimuuliza kama ule ukuta umejaa. Bw. Ukasha alisema nusu ya upande wa kulia ni tupu, maana pale palikuwa pachorwe familia safi, lakini Mwenyekiti alisema rangi imekwisha.

“Basi nataka nusu hiyo,” alisema Bi. Biasha. “Nichoree choo changu. Mbele ya choo nichoree Mwenyekiti, na kofia yake. Nyuma yake Bwana Afya, ameshika tumbo, kama alivyolishika sasa hivi. Nyuma yake Deusdedit na robota lake la mitumba. Wamepanga foleni. Maneno usiandike hata moja. Wakija wafadhili Alhamisi watajisomea wenyewe.”

Bw. Ukasha alisema kazi hiyo ataifanya bure, na ataanza na kofia.

Mwenyekiti alisimama. Alisema huo ni uchochezi na kudhalilisha viongozi. Bi. Biasha alimkumbusha kwamba picha haimhusu mtu yeyote aliye hai. Mwenyekiti alisema hii ni tofauti, hii watu watawatambua. Bwana Afya alisema wataalamu wana heshima yao, na picha ikishakaa ukutani haifutiki vichwani mwa watu, hata ukieleza vipi. Bw. Deusdedit alisema atakosa wateja. Katibu aliwaomba waseme polepole ili asiache neno hata moja.

Mwenyekiti alitaka kujua Bw. Ukasha atapata wapi rangi. Bw. Ukasha alisema rangi ni haki yake kama fundi, na kwamba ndoo ya rangi nyeupe anaiona pale nyuma ya kabati la Mwenyekiti, imefunikwa gunia. Wajumbe waligeuka wakaiona. Mwenyekiti alisema alikuwa akiitunza.

Kwa mara ya kwanza tangu kamati hii iundwe, wajumbe walikubaliana wote bila ubishi. Azimio la KUMB. NA. 5/96 lilitenguliwa, na ikaamuliwa kwamba picha inaweza kumdhuru mtu na kwa hiyo ukuta wote upakwe rangi nyeupe mara moja. Mwenyekiti aliibeba ndoo mwenyewe.

Kikao kilihamia ukutani. Bw. Ukasha alianza na mshale, akaja kwenye maneno, kisha nzi. Uso wa binamu yake aliuacha mwisho. Alisema ni kazi nzuri na inamuuma.

Rangi ikiwa bado mbichi, lilifika basi la kutoka Lindi. Kondakta alining’inia mlangoni akapiga kelele: “Mikoroshini! Kwa Mama Nzi! Dakika kumi!” Abiria waliteremka. Walilitazama banda, hawakuutazama hata ukuta, wakaelekea kwenye biskuti.

Bwana Afya alisema kwa upole kwamba itachukua muda.

Bi. Biasha alimjibu: “Muda wa nani? Ukuta mmeufuta. Na kile kinywa cha kondakta mtakipaka rangi gani?”

Bi. Biasha alivuka barabara. Aliyatoa mabenchi yake nje, akayapanga ukingoni mwa barabara kabisa, mahali ambapo mtu aliye dirishani mwa basi hawezi kuacha kuyaona. Akarudi akasema: “Mwongozo wenu unasema watu wanaamini wanachokiona. Haya, njooni mle, waone. Na Bwana Afya avae koti lake jeupe.”

Bi. Salama alikwenda wa kwanza, akanawa, akala, na safari hii hakutazama ndani ya bakuli. Katibu alimfuata na daftari lake. Mwenyekiti alitazama huku na huku, akamwona Ukasha amekaa na brashi mbele ya ukuta mweupe, akavuka. Bw. Deusdedit alifungua mfungo wake. Bwana Afya alivaa koti, akaketi katikati, akala samaki kwa mikono huku abiria wote wakimkodolea macho. Mwanzoni alikula kama anameza dawa. Katikati ya samaki wa pili alisahau kwamba anatazamwa, akaomba ndimu.

Mama mmoja aliyebeba mtoto aliacha foleni ya biskuti, akaja akamuuliza Bi. Biasha sahani ni kiasi gani. Kisha akaja mwanamume mwenye begi. Kisha dereva wa basi mwenyewe, ambaye alisema alikuwa amemkosa samaki huyu tangu Ramadhani na hakujua aanze vipi kurudi. Kondakta aliitwa akala akiwa amesimama. Dakika kumi zilipita na hakuna aliyezihesabu.

Bwana Afya, akinawa, alimwomba Katibu aandike, ili wafadhili wasome Alhamisi, kwamba kamati imebuni mbinu mpya ya uhamasishaji yenye mafanikio makubwa, na kwamba mbinu hiyo ni yake. Katibu ameandika kwamba aliomba hivyo.

KUMB. NA. 7/96: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alikifungia kikao pale pale bandani, saa nane na nusu mchana, kwa kuwa samaki walikuwa wamekwisha. Abiria wawili wa mwisho walikosa, na Bi. Biasha aliwaomba radhi.

Kumbukumbu hizi zimesomwa bandani na kukubaliwa kuwa ni sahihi. Doa la mafuta juu ya ukurasa huu ni la kidole cha Mwenyekiti.

Huseni Mshamu
MWENYEKITI (saini)

Marsela Ndunguru
KATIBU (saini)